Maneno Ambayo Akinyi Hataki Kunifundisha

Kirumba, Mwanza
9 Februari 1997

Mwanangu mpendwa Akinyi,

Pokea salamu za nyumba nzima, zangu zikiwa juu ya zote. Sisi hatujambo. Baba yako Mzee Orwa, tangu kiwanda cha pamba kipunguze watu, anashinda nyumbani akinifundisha kukaanga samaki, mimi niliyekuwa nakaanga kabla hajanijua. Minofu ya sangara yote inapanda ndege kuja huko kwenu, sisi tunabaki na mapanki, vichwa na mifupa. Lakini mapanki yangu unayajua. Watu wanatoka Igoma kuyafuata. Jirani yetu Kashindye naye ameanza kukaanga, mlango wa pili kutoka kwangu. Mafuta yake yananuka mpaka barabarani. Nimempa hongera.

Barua yako niliipeleka kwenye mazoezi ya kwaya nikaisoma kwa sauti. Nani mwingine hapa Kirumba ana binti Uholanzi, mke wa fundi wa majokofu? Niliposoma kwamba una mimba, walipiga vigelegele mpaka mwalimu wa kwaya akafunga madirisha. Nikawaambia mjukuu wangu atazaliwa katikati ya mashine, daktari kushoto, daktari kulia. Halafu nikageuza ukurasa, nikaikunja barua. Wakaniuliza mbona umekata. Nikasema wino umefifia.

Akinyi, umeandika kwamba utajifungulia nyumbani, juu ya kitanda chako, na mkunga atakuja na baiskeli.

Mimi nilimzaa kaka yako wa kwanza nyumbani kwa sababu hospitali ilikuwa mbali na mvua ilikuwa inanyesha. Wewe nilikuzaa hospitali, nikatamba nayo mwaka mzima. Leo umefika Ulaya unarudi kitandani? Mwambie Pieter kwamba mkwe wake anauliza kwa heshima.

Sasa jambo langu. Siku yako ikifika wewe utakuwa umelala, atakayepiga simu hapa dukani kwa Ndalahwa ni Pieter. Kiswahili chake ni habari, asante na samaki. Mwalimu Venant wa shuleni hapa amejitolea kuzungumza naye Kiingereza halafu aniambie. Nimemkatalia kwa upole. Nataka Pieter aniambie mimi mwenyewe, kwa lugha yake, sikioni mwangu. Nifundishe Kiholanzi. Nilishika namba moja darasa la nne, na kichwa ni kile kile.

Mama yako, Odeta

---

IJmuiden
16 Machi 1997

Mama mpendwa, shikamoo.

Mfikishie baba shikamoo yake pia. Sisi tu wazima. Baridi inaanza kuachia, ingawa upepo wa bandari hapa unakuvua kitambaa kichwani. Pieter anakusalimu sana na anasema anakumbuka mapanki.

Kuhusu kuzaa nyumbani, usiogope. Huku ni kawaida. Mkunga amesomea miaka mingi na hospitali iko karibu. Mama mkwe alimzaa Pieter kwenye chumba ninachoandikia.

Haya, somo. Kiswahili kina ngeli nyingi, Kiholanzi kina mbili tu, *de* na *het*. De man, mwanamume. De deur, mlango. Het huis, nyumba. Het kind, mtoto. Ubaya ni kwamba neno halina alama usoni ya kukuonyesha liko upande gani, lazima ulikariri pamoja na kijineno chake. Kwenye wingi yote yanakuwa de.

Kitenzi: ik woon, naishi. Jij woont, unaishi. Hij woont, au zij woont, anaishi. Wewe na yeye wanaongezewa t, mimi siongezewi. Kuwa ni kigeugeu: ik ben, jij bent, zij is.

Tahajia: silabi ikifungwa na konsonanti na sauti ni ndefu, andika irabu mbili, *maan*, mwezi. Ikifunguka, moja inatosha, *manen*, miezi. Sauti ikiwa fupi, konsonanti ndiyo inakuwa mbili, *man, mannen*. G inatoka kooni, kama mtu aliyekwamwa na mwiba. Na i na j wakikaa pamoja ni sauti moja, hawaachani hata kwenye herufi kubwa. Tazama jina la mji wetu.

Jaribu kuniandikia sentensi.

Binti yako, Akinyi

---

Kirumba
20 Aprili 1997

Mwanangu Akinyi,

Marahaba, mwanangu, na baba yako ameipokea yake. Hapa mvua zimechelewa, wa Magu wanalia na mpunga wao. Mimi na mapanki hatutegemei mvua.

Ik ben Odeta. Ik woon in Mwanza. Mijn man is Orwa. Hij woont in het huis, kila siku, hatoki. Mijn, yaani wangu, nilimwuliza padri mmoja mpitaji, sikukungoja.

Nakariri nikikaanga. Kila kipande ninachogeuza nakipa neno moja, het huis, de deur, het kind. Wateja wanadhani nasali. G imeshanishinda mara nyingi, ila juzi niliitoa vizuri, Kashindye akaja mbio na maji akidhani nimekwamwa kweli. Nilimwambia hiyo ndiyo lugha ya kwa mkwe wangu. Kwenye bahasha nikaandika IJ zote kubwa, bibi wa posta akasema nimekosea. Nikamfundisha pale pale, foleni ikisikiliza.

Sasa acha nikuambie kwa nini nimeng'ang'ania, maana ulikuwa bwenini wakati ule na hatujawahi kulizungumza.

Siku ya dada yako Sabina, walikuja shemeji zake wawili kutoka Sengerema wakaniambia, "Mama, Sabina anaumwa kidogo. Twende ukamwone." Nikasaga unga wa uji wa mzazi. Nikafunga kuku. Kwenye kivuko cha Busisi watu walinipisha nikae, mtu mmoja akanibebea kuku, mwingine akaninunulia soda. Nikawa nawasimulia kwamba binti yangu amejifungua, anahitaji uji mwepesi. Walikuwa wanaitikia, "Ndiyo, mama." Kivuko kizima kilikuwa kinajua. Nilijua mimi nilipoona watu wamekaa chini nje ya nyumba yake.

Siwalaumu. Ndivyo tunavyofanya, hata mimi nimewafanyia wengine. Lakini tangu siku ile, mtu akiniambia fulani anaumwa kidogo, namwuliza maziko ni lini. Venant atanificha. Ndalahwa atanificha. Mswahili yeyote mwenye huruma atanificha. Wazungu nimesikia wanasema kitu kama kilivyo.

Kwa hiyo nifundishe haya: yuko hai, amekufa, damu, mgonjwa. Na jinsi ya kuuliza.

Mama yako, Odeta

---

IJmuiden
25 Mei 1997

Mama mpendwa, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa na shughuli. Hatujambo. Pieter amepaka chumba cha mtoto rangi ya njano. Sentensi zako zote ni sahihi isipokuwa "kila siku, hatoki", ambayo nimemtafsiria Pieter akacheka sana.

Kuuliza ni rahisi. Huku hawaulizi kwa kupandisha sauti kama sisi. Wanatanguliza kitenzi. Zij woont hier, anaishi hapa. Woont zij hier? Anaishi hapa? Ila ukimwuliza mtu mwenyewe, ile t inadondoka: jij woont, woon jij?

Maneno mapya: de melk, maziwa. De kat, paka. De kaas, jibini. Het bed, kitanda. De fiets, baiskeli. Ukitaka kufanya kitu kiwe kidogo weka -je mwishoni, na kila kidogo ni het: het huisje, het kindje. Yaliyopita: ik was, nilikuwa. Ik had, nilikuwa na.

Mengine uliyoyataka nitakuletea baadaye, hayana haraka.

Siku hizi navaa viatu vya Pieter kwenda dukani, ungeniona ungecheka.

Binti yako, Akinyi

---

Kirumba
22 Juni 1997

Mwanangu Akinyi,

Salamu. Baba yako hajambo, anakusalimu. Mimi pia hivyo hivyo.

Sikucheka.

Nimezaa watoto watano na nimeshika mikono ya wanawake wengine wengi kuliko hao. Viatu vya Pieter ni viatu vya mwanamume anayebeba majokofu. Miguu yako inavaa namba ya mtoto wa shule. Uso nao umevimba? Kichwa kinauma? Unaona nyota mchana? Sabina alivaa kandambili za mumewe mwezi wa mwisho, nikamtania.

Umenifundisha paka. Umenifundisha jibini, kitu ambacho sijakiona na sitakila. Nimekuomba maneno manne, Akinyi, umeyaruka kama mtu anayeruka dimbwi. Kwaya wananiuliza mbona siku hizi sisomi barua zako. Nawaambia ni mambo ya lugha, hawatayaelewa.

Najua pia kwamba kwa desturi ya kwetu mimi na mkwe wangu hatupaswi hata kutazamana usoni, sembuse kuulizana habari za uzazi kwenye simu. Nimeshalifikiria. Aibu hiyo nitaibeba. Wewe nipe maneno.

Mama yako, Odeta

---

IJmuiden
20 Julai 1997

Mama, shikamoo wewe na baba.

Mkunga alinipima juzi, akapima tena, halafu akapiga simu. Ni presha. Sitazaa nyumbani tena, nimeandikiwa hospitali, na naenda kupimwa kila baada ya siku mbili. Kichwa kinauma, ndiyo. Nyota naziona asubuhi tu.

Sikuwa nakuficha kwa ujeuri. Niliona kwamba nikiyaandika maneno yale kwa mkono wangu huku mtoto yuko tumboni, nitakuwa nimeyafungulia mlango. Nimekaa nayo wiki nzima. Leo nimeyaandika mezani jikoni, na nikimaliza naenda kunawa.

Leven, kuishi. Zij leeft, yuko hai. Leeft zij? Andika v inapokuwa katikati ya irabu, f inapofika mwisho au mbele ya t. Ziek, mgonjwa. Het bloed, damu. Het ziekenhuis, hospitali. Dood, amekufa. Zij is dood.

Pieter nimemwambia yote ya Busisi. Amesema atakupigia mwenyewe, ataongea polepole, na hatakuficha kitu. Ameniapia.

Mama, nami naogopa. Mchana nikiwa peke yangu najisemea Kiswahili kwa sauti, kusudi mtoto asikie kuna mtu mwingine humu ndani mbali na mimi na hofu yangu.

Akinyi

---

Kirumba
17 Agosti 1997

Mwanangu Akinyi, au yeyote anayeifungua hii,

Salamu kutoka Mwanza.

Simu ilikuja Jumanne alasiri. Ndalahwa alimtuma mtu, nikakimbia na mwiko mkononi. Duka lilijaa, Kashindye na wanakwaya wote. Nikashika simu. Pieter akasema "Moeder", yaani mama, akaanza, polepole kama alivyoahidi. Akinyi leeft. Het kind leeft. Een meisje, wa kike. Akinyi is ziek. Zij is in het ziekenhuis. Veel bloed, damu nyingi.

Nilielewa kila neno, na sikuamini hata moja.

Kwa sababu alikuwa analia. Mwanamume anasema mke wake yuko hai, huku analia? Nikamwuliza kama ulivyonifundisha, kitenzi mbele: "Is zij dood?" Akasema, "Nee, moeder. Nee." Nikamwuliza tena. Akasema tena, nee, hapana. Nikajua amefundishwa. Nikajua umemweleza habari za Busisi naye akaona ndivyo mama wa Kiafrika anavyopewa taarifa: mgonjwa kwanza, mengine akishafika. Kulikuwa na kitu nyuma ya maneno yake, Akinyi, nilikisikia kama unavyosikia mtu amesimama nyuma ya mlango. Simu ikakatika. Kesho yake wezi wakaiba waya wa simu wa mtaa mzima.

Alhamisi nilikwenda posta kuu kupiga namba yenu. Ikaita, ikaita, haikupokelewa. Nyumba ya watu wawili, haina mtu.

Nikarudi nikakaa chini. Sikumwambia mtu alie. Nilitandika mkeka tu nikakaa, Kashindye akaniona, akazima jiko lake, akaja akakaa pembeni yangu. Jioni uwanja ulikuwa umejaa. Wamenipikia, wamefagia, wameimba. Uji wa Kashindye ni mzuri, Mungu anisamehe.

Baba yako peke yake hajakaa. Alisimama mlangoni akaniambia mbele ya watu, "Mzungu amesema yuko hai. Wewe umesema amekufa. Kati yenu nani yuko Uholanzi?" Akachukua kigoda chake akaenda kwa Ndalahwa kukaa kando ya simu isiyo na waya. Chakula anapelekewa huko.

Sijui naandika kwa nani. Kama ni Pieter: ik ben niet boos. Sina hasira. Waar is mijn kind? Mwanangu yuko wapi? Niambie tu.

Kama ni wewe, usiniandikie maneno matamu. Matamu mtu yeyote anaweza kukutungia.

Odeta

---

IJmuiden
3 Septemba 1997

Mama, mimi ni mzima. Salamu zitafuata chini.

Inuka kwenye huo mkeka kabla hujasoma mstari wa pili. Umekaa chini unanililia mimi, na nina nyuzi tumboni ambazo hata kukohoa zinanikataza? Watu wamekula uji wangu wa matanga? Nilipofika pale kwenye barua yako niliitupa sakafuni, halafu nikashindwa kuinama kuiokota, ikabidi nimwite Pieter, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba nimemfokea yeye. Unajisifu wewe namba moja darasa la nne. Mtu anakuambia leeft mara mbili, unamwuliza dood mara mbili.

Alikuwa analia kwa sababu alikuwa ananiona. Kilikuwa kifafa cha mimba. Walinipasua, mtoto akatoka mzima, mdogo, mkali. Halafu damu ikakataa kusimama. Nimelala siku kadhaa bila kujijua, na Pieter hakutoka hospitali, ndiyo maana simu iliita bure. Alikuambia kweli tupu.

Ila hukukosea kwamba kuna kitu. Lipo jambo alilokuwa nalo akipiga ile simu, na hakukuambia kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijaambiwa. Huku mwenye mwili ndiye huambiwa wa kwanza. Sasa nakuambia, moja kwa moja, kama ulivyotaka. Ili damu isimame walinitoa kizazi. Sitazaa tena.

Daktari alivuta kiti, akakaa, akaniambia kwa sentensi fupi ili nielewe. Nikaelewa. Ulisema wazungu wanasema kitu kama kilivyo, na ni kweli. Lakini siku ile, mama, nilitamani mtu angeniambia naumwa kidogo, hata mpaka jioni tu. Ningepata kumshika mtoto wangu saa chache nikidhani ni wa kwanza.

Salamu sasa. Shikamoo. Baba mwambie arudi nyumbani, na mwambie shikamoo yake ni kubwa kuliko yako safari hii. Pieter anasalimu. Hajakasirika. Mtoto ananyonya mpaka anatoa jasho.

Usiwasomee kwaya.

Akinyi

---

Kirumba
28 Septemba 1997

Akinyi wangu,

Niliinuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, Kashindye akanishika kwapani. Nilisoma barua yako nimesimama, nikafika pale unaponitukana, nikacheka mpaka wakadhani nimeingiwa na wazimu. Kisha nikasoma iliyobaki, nikageukia ukutani.

Nimewaambia watu: mama mzima, mtoto mzima, msichana. Baba yako amerudi na kigoda chake, hajanikumbusha nani yuko Uholanzi, ila kila akipita anakohoa. Mikeka imekunjwa. Mzee mmoja wa kwetu Rorya, ambaye alikuwa amekuja kuhani, akashauri mtoto aitwe Achola kwa sababu alipozaliwa tu watu waliingia matangani. Nikamwambia hapana. Hakuna aliyekufa. Jina mtachagua wenyewe.

Jumapili kwaya walisimama mbele wakakuimbia wewe na mtoto. Mwishoni Kashindye akatoka, akaomba kwa sauti kubwa kwamba Mungu akujalie wa pili, wa kiume, na wa tatu pia. Kanisa zima likageuka kunitazama mimi, maana wanajua sijawahi kukosa la kusema. Nikamtazama yule mama aliyezima jiko lake kwa ajili yangu.

Nikaitikia amina pamoja nao, nikakaa.

Mama yako, Odeta